Mkeka wenu na mkeka wangu

Haya ni maneno niliyosema juzi hapa Mjini Unguja mbele ya wanafunzi wa sanaa na kina mama wasuka ukili, ule utepe wa majani unaoshonwa ukawa mkeka. Kuna waliochelewa wakaniomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu vilevile yalivyotoka mdomoni, na pale nilipopayuka nimepaacha hivohivo.

Assalaam aleikum. Shikamooni wakubwa zangu, mama zangu mliokaa mbele hapo jamvini, na nyie vijana mliojibanza nyuma kwenye viti hamjambo. Hili beseni lililofunikwa kanga naomba mtu asilifunue wala asilisogeze juani, lina kazi yake baadae.

Nilipoambiwa nije kuzungumza habari ya mkeka, usiku ule nikashika simu nikasema hebu nione wenzangu wanasemaje. Nikaandika mkeka. Wallahi cha kwanza kutokea ni mikeka ya kubeti, Simba na Arsenal, mkeka wa leo, mkeka wa uhakika, mkeka umechanika dakika ya tisini. Eeh mnacheka, mnajijua. Nikashuka chini nikakuta mkeka mwengine, huo wa uteuzi, mkeka umetoka, watu wanatafuta majina nani kapewa wilaya nani kaachwa nje. Nikashuka, nikashuka, mkeka wa kulalia siuoni. Jina tunalo mdomoni na linatembea kweli kweli, kitu chenyewe ndo kinaondoka majumbani. Na mie leo sikuja kulia kwamba vijana hawapendi asili yao, hotuba hiyo mmeshaisikia mara mia na mie naona ni kuwasingizia. Mkeka hauondoki kwa sababu yenu. Unaondoka kwa sababu mkindu, mti unaotupa majani ya kusukia, umekatwa na msukaji halipwi. Basi, nimeshasema, mwenye haraka anaweza kwenda.

Mie nimezaliwa kusini, pwani, nikalelewa na bibi alokuwa akisuka toka akimaliza kuswali alfajiri. Nilipofika miaka saba akanipa ukili wa kujifunzia, nikaharibu akafumua, nikaharibu tena akafumua, wala hanipigi wala hasemi kitu, anafumua tu ananirudishia. Baadae nikaenda kusomea kuchora nikarudi najiita msanii, na msanii akirudi kwao anataka afanye jambo kubwa watu waone. Nikawa naokota pwani, nyavu zilokatika, mafundo ya nailoni, zile tai-tai za rangi rangi, viuzi vya plastiki vya kufungia mwani, naziosha nazisuka pamoja na ukindu, nikatengeneza tanga. Tanga zima, upana wa chumba. Ikaja kamera, yakaja mahojiano, nikaitwa mtetezi wa mazingira, na sikukataa maana nani anakataa jina zuri. Bibi bado alikuwa hai, nikamleta kwa gari aje alione, akalizunguka mara mbili, akalishika kwa ncha ya kidole, akaniuliza, "hili mwanangu lalaliwa?" Nikamwambia hapana bibi, hili la kutazama. Akanyamaza kidogo, "haya, na ukindu umeupata wapi?"

Hapo nikakosa la kujibu, kwa sababu ukindu nimeununua mjini, na huko mjini umeletwa kwa boti kutoka Pemba. Bonde la nyuma ya nyumba ya bibi, alilokuwa akikata yeye na mama yake kabla yake, limeshafukiwa kifusi, pana nyumba tatu na ukuta. Yaani mtetezi wa mazingira nimeitembea pwani nzima naokota plastiki ya watu, na mkindu wa kwetu umekufa mgongoni pangu sikuuona.

Sasa nyie wa kwenye viti niwaeleze mkindu ni nini, maana kuna kijana aliwahi kuniuliza kama ukindu unatengenezwa China. Mkindu ni ndugu yake mtende, ni mtende wa porini ukipenda, unaota kichaka, shina hili na wadogo zake pembeni, unapenda mabondeni palipo na maji maji. Matunda yake makindu sie tukiyala utotoni, nyama kiduchu kokwa kubwa lakini matamu, na kima nae anayala na ndege wanayala, ndo wanaozitawanya mbegu. Kinachokatwa ni jani changa la katikati ambalo bado halijafunguka, limesimama kama mkuki. Bibi alikuwa na sheria yake, mkuki mmoja kwa shina halafu unaliacha litoe mengine, na shina dogo huligusi kabisa. Ile ndo ilikuwa semina ya uhifadhi, haina posho wala chai ya saa nne. Mtu anaekata kwa ajili ya kuuza, tena bonde si lake na hajui mwakani atalikuta au atakuta nyumba, anachukua mkuki na mkuki wa pili wake, na shina linadumaa. Simlaumu sana. Ungekuwa weye unajua bonde linafukiwa mwezi ujao ungebakisha nini?

Ukishakatwa unaanikwa juani mpaka ukawa mweupe, mvua ikiudiriki umeshapata madoa, halafu unachanwa kwa ukucha au sindano, unatiwa rangi, unaroweshwa ndo unasukwa. Ukindu mkavu hausukiki, unakatika mkononi, na ukirowa kupita kiasi ukili unapokauka unaachia mianya. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema ni maneno ya wavuvi, mie naamini aloyasema kwanza ni mke wa mvuvi akiwa na ukindu mkononi. Kisha unahesabu pima, yaani urefu wa mikono miwili ilonyooshwa, pima juu ya pima za ukili, ndo zinaunganishwa kwa kushonwa zinakuwa mkeka. Kina mama hapa mbele wanatikisa kichwa maana nyuma ya kila mkeka kuna shingo inauma.

Nije kwenye rangi, na hapa ndo sie watu wa mazingira tunapenda sana kujidanganya. Rangi ya kawaida ni ile ya unga ya dukani, unachemsha kwenye debe, ukimaliza maji unayamwaga nyuma ya nyumba, na kisima kipo palepale. Nikasema mie narudi kwenye rangi za wazee. Manjano, zingefuri zile mbegu nyekundu, gome la mkandaa ambao ni aina ya mkoko, tope. Nilivyoanza nilidhani nimemaliza kazi. Manjano yanatoa rangi ukiiona unataka kuilamba, weka mkeka karibu na dirisha miezi miwili, imekwenda zake. Zingefuri nayo vivohivo, jua haliwezi. Nikaambiwa na mama mmoja mtu mzima, tia shabu kwanza, ile shabu ya kusafishia maji, na kweli inasaidia kuishika rangi ingawa haifanyi miujiza. Nyeusi ndo ilonifurahisha kuliko zote. Unachemsha ukindu na gome la mkandaa, lile gome ukilitafuna linakaza ulimi, halafu unauzika kwenye tope jeusi. Tope lina chuma, na ule ukali wa gome ukikutana na chuma unatoa weusi haswa, haubanduki. Ukikosa tope chukua misumari yenye kutu uiroweke. Mwalimu wenu wa kemia atawaambia majina yake, bibi alikuwa anasema tu "vimependana."

Basi watalii wakisikia rangi ya asili wanashika kifua. Oda zikaja. Na oda zilipokuja mie nikaenda kutafuta gome zaidi, na siku moja nikaenda mwenyewe mikokoni kuona linapotoka, nikakuta mikandaa imevuliwa gome kuzunguka shina lote, imesimama mikavu. Mti ukivuliwa hivo umekufa, hakuna mjadala. Mikoko hiyo ndo inayoshika udongo bahari isile ardhi, ndo samaki wadogo na kamba wanakolelewa, na mie nauza vikapu vyenye karatasi ndogo imeandikwa vya asili, rafiki wa mazingira. Nilirudi nyumbani nikakaa kitako.

Waganda wana bahati na mti wao. Wanavua gome la mutuba wanatengeneza kitambaa wanakiita olubugo, UNESCO walikitangaza mwaka 2005 kuwa ni urithi wa dunia nzima, na wakishauvua mti wanaufunga majani ya mgomba kama mgonjwa aliefungwa bendeji, gome linaota upya na mwakani wanavua tena. Mkandaa hauna uvumilivu huo. Kwa hiyo sie sasa tunachukua gome la miti ilokwishakatwa tu, zile boriti za wajenzi, wao gome wanalitupa. (Boriti zenyewe ni habari nyengine ndefu, zilipelekwa Arabuni na Ghuba karne kwa karne kuezekea nyumba, na vyumba vya Mji Mkongwe hapa vimekuwa vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haiendi mbali zaidi ya hapo.) Gome la boriti ni kidogo, rangi inakuwa kidogo, mteja akilalamika namwambia mwaka huu nyeusi hakuna nyingi, kama embe zisipozaa. Wengine wanaelewa wengine wanaondoka.

Kuna mtu ataniuliza, na plastiki je, si uendelee kusuka plastiki. Plastiki kuisuka si vibaya. Kule Gambia mama mmoja anaitwa Isatou Ceesay mwaka 1997 kijijini Njau alianza na wenzake kukata mifuko ya plastiki nyuzi nyuzi wakafuma vipochi, wakasafisha kijiji na wakapata pesa yao, hongera kwake. Lakini yeye shida yake ilikuwa taka na dawa yake ikaikuta taka. Mie shida yangu ilikuwa ukili, nikawa naitibu kwa kuning'iniza nyavu ukutani.

Na lile tanga tusidanganyane, sikulibuni. Wazee wetu walikuwa na mtepe, chombo kimeshonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, msumari hata mmoja hamna, na tanga lake lilikuwa jamvi. Jamvi la kusukwa, ndo linakamata upepo! Sie wa skuli tulikuwa tukipelekwa Beit el Ajaib, jumba la makumbusho hapa mjini, kutazama mtepe wa mfano, jengo lenyewe upande mmoja liliporomoka Desemba 2020, inauma tukipita pale. Nawaza mara nyingi hawa waliosuka tanga la mtepe walikuwa kina nani, majina ya manahodha yanatajwa, yao hayatajwi.

Kamba ya makumbi ndo inanileta kwenye tai-tai. Mwani wa kibiashara ulianza Paje mwaka 1989 na wakulima karibu wote ni wanawake, mwaujua. Kila kishada cha mwani kinafungwa kwenye kamba kwa kiuzi cha plastiki, tai-tai, shamba moja lina vingapi hesabu mwenyewe. Vinakatika, vinaelea, vinajaa pwani na tumboni mwa samaki. Na ni wanawake walewale, pwani ileile, waliokuwa wakifukia makumbi mchangani maji yanapotoka, wanayazungushia mawe, yanakaa miezi yanaoza, wanayafukua yananuka subhanallah, wanayaponda, wanasokota kamba. Nikasema basi jibu si hili hapa, tufunge mwani kwa makumbi! Nikaenda kwa kina mama nimejaa furaha kama mtu alogundua moto.

Tukajaribu. Msimu mzima. Uzi wa makumbi ukakaa majini mpaka mwani ukavunwa, chumvi haukuuogopa, hilo tulishinda. Lakini ni mnene, unakwaruza vidole ambavyo tayari vimechubuka, kuufunga unachukua muda mara mbili na maji yakishaanza kujaa hayakusubiri. Mwisho shangazi yangu akaniuliza mbele za watu, "na huu uzi nani atausokota, na huyo msokotaji nani atamlipa, kwa bei hii ya mwani?" Bahari imepata joto, ule mwani wa bei nzuri, cottonii, unakufa, tumebaki na spinosum wa bei ya kuonewa huruma. Tai-tai ni rahisi. Anaeifunga anajua ina madhara kuliko mie, yeye ndo anaikanyaga kila siku.

Basi mkisikia mtu anasema tuwaelimishe wanawake wa pwani kuhusu plastiki, mwambieni aanze na pochi yake.

Mifuko pia vilevile. Zanzibar ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Ilipofika ile ya 2019 mie nilisema alhamdulillah sasa kapu limerudi sokoni, nikawaambia wenzangu tusuke. Tukasuka. Kilichokuja sokoni ni mifuko mbadala, ile ya rangi rangi inaonekana kama kitambaa, kumbe nayo ni plastiki, ni polipropilini, ila imetengenezwa nene. Kapu la ukili unakwenda nalo sokoni Darajani miaka, likichakaa linaoza shambani, likabaki limening'inia kwenye maduka ya watalii pembeni ya vinyago. Sheria nzuri ilipita mbele yetu ikatupungia mkono.

Na hao watalii. Kuna hoteli moja, sitaitaja, iliagiza vikapu mia mbili vya kuwekea taulo, saizi moja, rangi moja, tukakesha. Pesa ilikuja baada ya miezi mitano, wamekata vikapu kumi na tisa eti haviko sawasawa na vyengine. Sasa vitu vilosukwa na mikono ya wanawake kumi na nne vitakuwaje sawasawa? Mmoja alihitaji ile pesa kwa ajili ya mtoto hospitali, akauza kuku wake. Na kwenye chumba kuna kadi inasema hoteli hii inasaidia jamii.

Nasema haya si kwa kulalamika, au basi nalalamika kidogo, lakini nataka muelewe kwa nini nilibadilisha kazi. Mnamjua Mama Wangari Maathai wa Kenya, alieanzisha Green Belt, harakati za kupanda miti, mwaka 1977 akaja kupewa Nobeli ya amani 2004. Watu wanakumbuka miti. Mie nilipomsoma nilichokiona ni kwamba wale wanawake wa vijijini walikuwa wakipewa kitu kidogo kwa kila mche uliopona. Uliopona, si uliopandwa. Hakuwaambia tu wapende mazingira. Nikaiba hapohapo.

Sasa hivi sehemu ya kila mkeka ninaouza mie, na nauza ghali siogopi, inakwenda kwa kina mama wanaolea mikindu. Tunachimba machipukizi ya pembeni kwenye vichaka vilobaki, tunapanda bondeni kwa watu waliokubali, kwenye mipaka ya mashamba ya mpunga, mpaka nyuma ya msikiti mmoja. Mkindu ukimaliza mwaka uko hai, aliyeulea analipwa. Mwaka wa kwanza ilikufa mingi maana tulipanda kiangazi kama wajinga, na mingine ng'ombe wakala. Mwaka wa pili tukangoja masika. Kuikata bado, itachukua miaka, na tumekubaliana sheria ya bibi, mkuki mmoja. Hii ndo sanaa yangu kubwa kwa sasa na haipigiki picha, ni vichaka tu vya miiba, mpiga picha mmoja alikuja akaniuliza kazi iko wapi nikamwambia umeikanyaga.

Na soko nimelikuta pahala sikutarajia, Pemba. Karafuu huanikwa juu ya majamvi, mwajua nyie mlozaliwa huko, msimu ukifika majamvi yanatafutwa. Wengi wamehamia kwenye maturubali. Mzee mmoja Wete akanambia turubali linatoa jasho, karafuu inafukuta chini, jamvi linapumua. Sikumfundisha mie, ameona mwenyewe. Jamvi ni la milala, majani ya mti mwengine wa jamii ya mtende, halina maua wala rangi, hamna mtalii atakaelipiga picha, lakini mkulima analihitaji na analirudia likichanika. Nimefurahi kwa oda ya majamvi thelathini ya karafuu kuliko nilivyofurahi na lile tanga. Tanga lipo bado, limekunjwa chini ya kitanda changu, panya wameshaanza upande mmoja, wamekula ukindu wameacha nailoni.

Haya, saa inakwenda na hili beseni. Wewe uliekaa mwisho mwenye fulana ya Arsenal, njoo unifunulie hiyo kanga, taratibu. Ukindu huu nimeurowesha tangu asubuhi, tukizidi kuongea ama utalegea ama utakauka. Mama zangu sogeeni, kila mmoja achukue wawili wa kwenye viti. Vueni viatu muingie jamvini. Akiharibu, mfumulieni.